Piano ya Mtu Mmoja

Fundi wa piano na mkewe waligombana miaka thelathini na mmoja kwa jambo ambalo wewe na mimi tusingelisikia hata tungetega masikio kutwa nzima.

Mke alikuwa mwimbaji wa kwaya, na sikio lake halikuwa na mchezo. "Piano yako inadanganya," alikuwa akisema. "Hiyo noti ya mi iko juu. Mimi nikiimba naishusha."

"Najua, mke wangu. Lakini toka do hadi do ya juu nina sauti kumi na mbili za kupanga. Nikiipa moja haki yake yote, nyingine itapiga mayowe. Ndiyo maana nazipunja zote, kidogo kidogo."

"Visingizio!" Na hapo anakwenda zake jikoni akiimba mi yake, makusudi kabisa.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya sauti. Miezi minne hakusema wala kuimba. Daktari alisema mdomo unaweza kusema tena, wasikate tamaa. Fundi akabaki na hofu moja tu, kwamba hataisikia tena sauti ile iliyomkera na kumfariji maisha yake yote.

Jumamosi moja alifunua piano ya sebuleni, akashika ufunguo wake wa kukazia nyuzi, akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja yeyote. Alizipanga sauti zikae safi kabisa kwa wimbo mmoja, ule alioupenda mkewe. Mi akaishusha. Akaupiga. Lo, ulikuwa mtamu! Mkewe, kitini, akatazama dirishani tu. Fundi akafunga kifuniko, amevunjika moyo.

Jioni binti yao akapita kuwasalimia. Bila kujua lolote akakaa kwenye piano, akapiga wimbo mwingine, ulioanzia kwenye noti nyingine kabisa. Mama yangu! Sauti zikabweka kama mbwa waliofungiwa bafuni.

"Baba, umeifanya nini hii?"

Kabla hajajibu, wakasikia kicheko. Mama alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka. Akamnyooshea mumewe kidole cha mkono ule mzima.

"Zi... zipunje," alisema. "Zote."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti, akalia kama mtoto. "Nitazipunja, mke wangu, kesho asubuhi. Ila kwanza sema mshindi ni mimi. Mara moja tu."

Mkewe akamfuta machozi kwa kiganja, taratibu, huku akilitafuta neno.

"Visi... visingizio."