Mwalimu Anakimbia

Baba yangu alikuwa mwalimu, na alidondoka ndani ya nyumba ya shule akiwa peke yake, sisi tukiwa Mpanda mjini, jioni ya Jumamosi. Presha ilipanda, kiharusi kikampiga, akalala sakafuni mpaka Jumatatu asubuhi, wanafunzi walipokuja kuchukua ufunguo wa ofisi. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, mkono mmoja ukining'inia, na maneno yake yalikuwa yanatoka kwa shida. Lakini jambo alilolirudia mara nyingi halikuwa maumivu. Alisema Jumapili ile aliwasikia watu wakipita njiani kwenda kanisani, wanaongea na kucheka, na hakuna aliyebisha hodi, maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha.

Kwa hiyo nilipopangiwa kazi kijijini Usevya na kufika, mama alifurahi siku moja tu. Kesho yake akaanza kuniuliza nyumba yangu iko karibu na nani. Nilimjibu kwa mkato kwamba nimekuja kufundisha, sikuja kutafuta majirani. Ukweli ni kwamba nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kabisa, upande wa majaruba ya mpunga, na walimu wenzangu wote walikuwa wamepanga kule senta kwenye maduka. Usiku nikifunga mlango nilikuwa namkumbuka baba, halafu nawasha redio.

Mwalimu mpya anabebeshwa kila kitu, hilo wala silalamiki, natoa taarifa tu. Nilipewa Hisabati, nikaongezewa Jiografia ya mwenzangu aliyekwenda masomoni, nikapewa zamu, nikapewa bustani, na kwa kuwa nilicheza netiboli chuoni, nikapewa michezo ya wasichana. Michezo yenyewe niliisimamia nikiwa nimekaa kwenye kiti, filimbi mdomoni, madaftari ya kusahihisha mapajani. Jioni maji, kupika, maandalio ya somo, kulala. Ndani ya muda mfupi suruali zangu za chuo zikawa hazifungi, na mimi nikazilaumu suruali.

Siku moja muuguzi wa kituo cha afya alikuja shuleni kuwachanja wasichana. Alipomaliza, walimu tukapanga foleni kupimwa presha, kwa utani tu, kila mmoja akimtisha mwenzake. Ilipofika zamu yangu muuguzi akapima, akapima tena, akahamia mkono wa pili. 

"Mwalimu," akasema, "hii presha ni ya rika la mama yako. Siyo ya kwako."

Alinipa mpaka mwisho wa muhula. Nipunguze chumvi, nifanye mazoezi ya kutoka jasho, na isiposhuka naanza dawa. Nikamuuliza kama kutembea kutoka darasa hili kwenda lile kunahesabika. Akacheka, akasema hakuhesabiki. Nilicheka naye, lakini usiku ule niliiangalia sakafu yangu ya saruji muda mrefu, nikaogopa kama mtoto.

Muda pekee niliokuwa nao ulikuwa alfajiri, kabla ya wanafunzi kushika namba shuleni. Mimi ni mtoto wa Mpanda mjini, na mjini mtu akikimbia asubuhi na truksuti hakuna anayegeuza shingo, labda dereva wa bodaboda atakutania kidogo. Nikavaa truksuti, nikafunga kitenge juu yake kwa ajili ya heshima, nikatoka. Nilishika njia ya majaruba. Nilipopita kwa jirani mfugaji, Msukuma mwenye zizi kubwa, mke wake alikuwa anakamua. Nikamwamkia nikiwa nakimbia, "Shikamoo mama," wala sikusimama kungoja jibu.

Nilikuwa bado sijafika mbali niliposikia yowe nyuma yangu. Likapokelewa na nyumba nyingine, na nyingine, mpaka upande wote ule ukawa unalia.

Sasa, Usevya iko jirani na hifadhi. Tembo wanaingia kwenye mpunga, viboko wanaingia, na simba habari zake zinasikika. Mimi niliposikia lile yowe nilijua jambo moja tu, kwamba kuna kitu nyuma yangu. Nikaongeza mbio. Nikageuka kidogo, nikaona wanaume wanakuja na fimbo, mapanga na mkuki, nikawaza kama watu wengi hivi wanakimbia, basi huyo mnyama ni mkubwa. Kitenge kikafunguka, nikakiacha. Sijawahi kukimbia vile hata chuoni, mpaka nilipokosea kuruka mfereji nikaangukia kwenye tope.

Wakanizunguka, wanahema.

"Wapi, mwalimu?" akauliza kamanda wa sungusungu.

"Wapi nini?"

"Hicho unachokimbia."

Nikasema nilikuwa nakikimbia walichokuwa wanakikimbia wao. Wakatazamana. Ikabidi nieleze, nikiwa nimekaa kwenye tope, kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.  Mwenye mkuki akauchomeka chini akauegemea. Yule jirani yangu mfugaji alikuwa amekaa kwenye tuta, ameshika kifundo cha mguu, kimeteguka.

Nilipaswa kuomba radhi, lakini mimi hasira zangu ziko karibu. Nikauliza kama siku hizi mtu hawezi kukimbia kwenye nchi yake mwenyewe. Kamanda hakupandisha sauti. Akanieleza kwamba kijiji kina makubaliano: ukimwona mtu mzima anakimbia alfajiri kuelekea mashambani, humuulizi, unapiga yowe na kumfuata, kwa sababu ukingoja kuuliza ng'ombe wameshakwenda, au mtu ameshakufa. Asiyetoka anapigwa faini. Na tena mimi nilisalimia bila kusimama, na hakuna mtu mwenye akili zake anayesalimia bila kusimama kama hakuna balaa.

Lakini kuwatoa watu bure nako kuna adhabu. Wakabishana pale pale kama mimi nimewatoa au hapana. Wengine walisema sikupiga yowe. Mama mfugaji akasema alipiga yeye, ila kwa sababu ya miguu yangu. Mkuu wa shule akaitwa, akaja ameuma midomo asicheke. Mwishowe wakaamua kwamba jaruba la mfugaji lilikuwa kwenye palizi, mguu wake hauwezi kuingia kwenye maji, basi mimi nitashika nafasi yake kila Jumamosi mpaka apone.

Palizi ya mpunga ni kuinama, na ukimaliza kuinama unainama tena. Jumamosi ya kwanza nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa kwenye kiti. Mama mfugaji alikuwa mbele yangu siku zote, hachoki, na kila nikinyoosha mgongo ananichokoza.

"Si ulitaka mazoezi, mwalimu? Haya."

Tukazoeana. Alinifundisha kutofautisha magugu na mpunga mchanga, maana mwanzoni niling'oa vyote kwa usawa. Jumamosi moja akaniuliza kwa nini mtu mwenye mshahara ahangaike kukimbia. Nikamwambia habari za presha, na nilipoanza sikuweza kuishia hapo, nikamwambia na habari za baba. Akaacha kung'oa.

"Siku zote hizo sakafuni, na majirani wapo?"

"Wapo. Aliwasikia wakipita."

Akainama tena, aking'oa kwa nguvu, mpaka tulipotoka majini kunawa miguu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, katekista akasoma matangazo. Mazoezi ya kwaya, usafi wa makaburi, na kisha akakohoa kidogo akasema kwamba mwalimu wa sekondari ameshauriwa na kituo cha afya awe anakimbia asubuhi, kwa hiyo anayemwona asipige yowe. Ila mwalimu akipiga yowe yeye mwenyewe, watu watoke. Kanisa zima likacheka, na mimi nikatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo ambao sikuuhitaji. Mama mfugaji mwenyewe hata si Mkatoliki, lakini ndiye aliyekwenda kwa katekista. Mume wake naye aliipeleka habari mnadani, kwa wafugaji wenzake, akichechemea.

Basi nikakimbia. Nikipita kwenye zizi nasimama, naamkia vizuri, naulizwa nimeamkaje, ndipo naendelea. Akina mama wanaokwenda mashambani na majembe walikuwa wananipa njia na kunitania kwamba leo nimechelewa, au leo simba wangu yuko mbali. Mguu wa mfugaji ukapona, lakini Jumamosi niliendelea kwenda, mpaka mpunga ukaanza kuiva.

Karibu na mwisho wa muhula nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi akapima, akapima tena, akahamia mkono wa pili, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kiasi kwamba niliogopa utaharibu kipimo. Halafu akavua kile kitambaa mkononi mwangu akasema presha imeshuka, dawa hazihitajiki kwa sasa, niendelee hivyo hivyo. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wajawazito, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogeza tumbo lake pembeni.

Nilidhani nafuu yangu yote ilikuwa ile pale kwenye benchi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kusahihisha mitihani. Nilisahihisha mpaka macho yakagoma, nikajitupa kitandani bila hata kuvua viatu, na asubuhi sikuamka. Nilichosikia ni mlango unagongwa kwa ngumi, na sauti nyingi nje, na mtu anasema tusingoje, tuuvunje. Jua lilikuwa limeshatoka. Nikafungua nimevimba macho, kalamu nyekundu imenichora shavu.

Mfugaji alikuwa mbele, fimbo mkononi. Nyuma yake mke wake, na kamanda, na akina mama na majembe yao mabegani.

"Mwalimu, leo hujapita," akasema mfugaji. "Kuna nini?"

Nikasema nimepitiwa na usingizi. Akanitazama vizuri, juu mpaka chini, akawageukia wenzake akawaambia mzima, alikuwa amelala. Wakacheka, wakaanza kutawanyika, mmoja akilalamika kwamba ameacha uji jikoni na sasa umeshaungua kwa ajili yangu. Mama mfugaji alibaki nyuma kidogo, akanifuta wino shavuni kwa kidole, akaondoka.

Nilifunga mlango nikakaa chini, pale pale sakafuni, nikalia mpaka nikatosheka. Kisha nikampigia mama simu, kabla hata ya kunawa uso, nikamwambia nyumba yangu iko karibu na nani.