Kuku wa Televisheni na Sahani ya Bibi

Juma lililopita nilikuwa Ukunda kwa fundi wa simu, nikingoja kioo changu kibadilishwe, nikasikia sauti ya bibi yangu. Ilitoka katika simu ya kijana mmoja aliyekaa karibu nami. Bibi tulimzika Msambweni, huu mwaka wa nne. "Mwanamume akikohoa kabla ya kuingia ndani," sauti ilisema, "jua ametafuna kitu njiani." Kijana akacheka mpaka akajifuta macho. Nilichungulia nikamwona kuku, kikaragosi cha kuku mzee aliyefungwa leso kichwani, na miwani imemkaa juu ya mdomo.

Kama ulikuwa mtu mzima nilipokuwa mimi mtoto, bila shaka unamkumbuka. Kile kipindi cha vichekesho cha vikaragosi vya wanyama, ambamo fisi alikuwa mheshimiwa, nyani hakimu, punda mume wa watu, na kuku ndiye aliyewasema wote. Hakikuwa cha watoto hata kidogo, maana mambo ya serikalini na ya chumbani yalimwagwa humo bila haya. Aliyemshona yule kuku, akamtia mkono na sauti, alikuwa mjomba wangu, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Sauti aliiga ya mama yake. Bibi alijijua, nasi tulijua kwamba anajijua, ila akiulizwa alisema tu, "Kuku yule hana adabu," kisha akageuka upande kucheka.

Lakini maneno ya kuku niliyapeleka mimi. Kila Alhamisi alasiri mjomba alipiga simu ya mwenye duka, nami nikaitwa. "Shikamoo, mjomba." Na kabla marahaba haijamtoka vizuri, alikwisha uliza, "Haya, bibi yako kasema nini juma hili?" Nilikuwa na miaka tisa na niliishi na bibi. Nilimpa yote, aliyoyasema akikuna nazi, akichambua mchicha au akipepeta mchele. Baadaye nikasikia nchi nzima ikiyacheka, nikajiona mtu mkubwa.

Televisheni ilikuwa ya jirani. Ilikula betri ya gari, na usiku betri haikuwa na nguvu tena, kwa hiyo sisi tulitazama marudio ya Jumapili alasiri. Wakubwa walikaa mkekani, watoto tulifukuzwa uani, na uani tukahamia dirishani. Kati ya nyumba ile na yetu palikuwa na ua wa makuti wenye upenyo, na katika upenyo huo ilipita sahani ya bibi ya bati yenye maua mekundu. Ikienda na kunde za nazi, ilirudi na kaimati. Ikienda na samaki wa kupaka, ilirudi na mihogo. Hata nyumba isiyokuwa na kitu hutia ndimu moja, au chumvi kidogo. "Sahani haijibiwi tupu," bibi aliniambia. "Ikija tupu, mlango umefungwa."

Mume wa jirani alikuwa amekwenda kufanya kazi ya hoteli Diani, asirudi tena. Watu walilijua hilo. Wasilolijua ni kwamba kila Ijumaa jirani alimpakulia chakula chake, akakifunika kwa kawa na kukiweka kando mpaka jioni. Bibi peke yake ndiye aliyeingia jikoni mle. Siku moja, akiwa anakuna nazi, alisema, "Maskini mwenzangu. Kila Ijumaa anampakulia mume, na anayekula ni paka." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mimi sikuyajali machozi. Nilisikia kichekesho, nikakihifadhi mpaka Alhamisi.

Jumapili ile kuku alitengeneza leso yake akasema, "Jirani yangu ana mume wa ajabu. Kila Ijumaa anapakuliwa, na kila Ijumaa anayekuja kula ana mkia!" Mkeka mzima ulicheka. Jirani hakucheka. Alimtazama bibi, kisha akainuka akachomoa waya wa betri. "Kipindi kimekwisha," alisema. Bibi alifungua kinywa, na yule mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo siku hiyo hakupata hata moja. Nami pale dirishani nililipata, nikalimeza.

Asubuhi yake sahani ilirudi kwa mkono wa jirani mwenyewe. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, haina kitu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaipandisha juu ya kabati, na sikuiona tena ikishuka.

Sikupigwa, wala sikuulizwa. Ila tangu siku hiyo, nikiingia jikoni bibi alinyamaza. Alikuna nazi kimya, akachambua mchicha kimya. Nikajua kwamba anajua. Alhamisi nilimwambia mjomba kwamba bibi hakusema kitu, na ilikuwa kweli. Kuku akaishiwa, wakamtungia maneno mengine yasiyokuwa na chumvi, na haukupita muda mrefu kipindi kikafa. Ningeweza kwenda kwa jirani nikasema, "Ni mimi." Ni hatua kumi kupitia upenyo. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, sikuzivuka. Naona haya kuyaandika haya.

Nilitoka Ukunda siku ile nikaenda Msambweni, nyumbani kwa bibi, nikapanda kiti, nikaishusha sahani. Nilipika kaimati, nikazipanga, nikazifunika. Ua wa makuti haupo, pana ukuta wa mawe, ikanibidi nizunguke barabarani kufika kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani? Macho haya hayanisaidii."

Nilimwekea sahani mapajani. Vidole vyake vilipita ukingoni, vikakuta pale rangi ilipobanduka, vikasimama. Nikamwambia yote, simu ya mwenye duka, Alhamisi, paka. Kisha nikamfungulia kuku kwenye simu yangu, maana yule kijana wa Ukunda alikuwa amenirushia. Alisikiliza maneno ya yule mwanamume anayekohoa, akacheka kicheko kidogo, mkono mdomoni.

"Ni yeye huyo," alisema. "Mrudishe aseme tena."

Nilimrudisha mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia.

"Nilikasirika siku tatu," aliniambia. "Siku ya nne nikaanza kuingoja sahani. Sahani ni yake, mimi nimesharudisha, zamu si yake? Kila nikisikia anakuna nazi nasema, leo italetwa. Hata matangani kwake nilikaa nikiitazama pale juu ya kabati."

"Yeye aliona umefunga mlango, mama."

"Nilifunga," alisema. "Lakini nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango huo."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Alikula kaimati mbili polepole, akahamishia zilizobaki kwenye bakuli lake, akamwita mjukuu wake aioshe sahani. Nilipoaga alinishika mkono nisiondoke, akapapasa kikapu kilichokuwa ubavuni pake, akatia ndimu tatu juu ya maua mekundu.

"Kampelekee," alisema, kisha akakumbuka kwamba hayupo.

Nikazipeleka. Nilizunguka ukuta, nikafungua mlango, nikasimama jikoni kwa bibi na sahani mikononi, pasipo mtu wa kumpa.