Niliyemwita Afande

Mara ya kwanza ilinipata kanisani, Kansanga, Jumapili asubuhi. Mchungaji alituambia tupige magoti, tufumbe macho, tumwite Baba. Nikafungua kinywa nilitamke neno hilo, pumzi ikakatika. Moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi, nami nikawa na hakika kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu, na ameudhika. Nilipozinduka, wanawake wa maombi walikuwa wamenizunguka.

"Ni roho ya baba yako," mmoja alisema. "Haijakuachia. Funga siku tatu."

Baba alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na tulilelewa katika kambi ya polisi, upande wa Nakawa. Kiluganda tulikichezea nje na watoto wenzetu. Kiswahili kilikuwa cha baba na polisi wenzake, cha kutuita ndani. "Wewe! Kuja hapa!" Ukisikia hivyo, unaanza kujikagua umekosa nini kabla hujafika mlangoni.

Nilifunga siku tatu, kisha tatu nyingine. Jumapili iliyofuata ikanipata tena, mbaya zaidi. Nikaacha kwenda kanisani, na huko kutokwenda kukanitisha kuliko kwenda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu mwenzangu aliyeniona nikishindwa kushika chaki ndiye aliyenipeleka Bukoto kwa mama mmoja Mkongomani, mkimbizi aliyesomea elimu ya nafsi kwao, ambaye sasa hupokea watu sebuleni kwake, juu ya duka la dawa. Hakunipa dawa wala sala. Aliniambia niseme lolote linalonijia, hata la aibu. Siku ya tatu akauliza:

"Dada, huyu Mungu unamuogopaka, anasema na wewe luga gani?"

Nilitaka kucheka. Kanisani kwetu watu husali Kiluganda na Kiingereza. Lakini jibu lilikuwa limeshanitoka: "Kiswahili."

Akasema wako wenye elimu ile wanaofundisha kwamba mtoto humjua baba kabla hajamjua Mungu. Na akija kumtafuta Mungu, humpa sura aliyoizoea nyumbani. Yule wa nyumbani akiwa mkali, na wa mbinguni anakuwa mkali.

"Kwa hiyo Mungu ni baba yangu tu?" nikauliza. "Hakuna mwingine?"

"Sijasema vile. Nimekuuliza wewe unaona nani."

Niliteremka ngazi, nikaenda zangu. Kama alikuwa sahihi, basi miaka yote nilimlilia baba tu, na sasa ni marehemu. Kama alikosea, nilikuwa nimeketi kwenye kochi la mtu nikisikiliza kufuru, na aliye juu amesikia. Sikurudi. Wiki mbili nzima niliingoja adhabu. Boda ikipita karibu nasema ni hii. Mwanangu akikohoa nasema ni hii.

Ilikuja darasani. Mvua ya mchana ilikuwa imeshika kasi, watoto zaidi ya sitini wananakili ubaoni, mara radi ikapiga karibu sana hata vioo vikalia. Nilijikuta chini ya meza, mikono kichwani, nikipiga kelele: "Nisamehe, afande! Sitarudia!"

Watoto hawakucheka. Walinitazama tu, na niliona usoni mwao kitu nilichokijua: walikuwa wananiogopa. Afande. Ndivyo mama alivyotufundisha kumwita baba akiwa amevaa sare.

Jioni hiyo nilimwendea mama katika chumba anachopanga karibu na soko la Nakawa. Mama ni Mwislamu, nasi watoto tulimfuata baba kanisani. Nilimkuta anakunja mkeka wake wa sala. Nikamweleza yote, hata la kochi.

Aliketi. "Unakumbuka ile siku ya changarawe?"

Sikukumbuka.

"Ulivunja redio yake. Akakupigisha magoti kwenye changarawe mlangoni, akasema usiinuke mpaka arudi. Akaenda kazini. Mimi nikakuambia, inuka mwanangu, hayupo, yuko mbali. Ukakataa. Ukaniambia, 'Anaona.'" Mama alifuta macho. "Ulikuwa na miaka sita. Alirudi jua limezama. Alikuwa amekusahau."

Alikuwa amenisahau. Sijui kwa nini hilo lilinitia hofu kuliko kipigo chochote. Mimi niliona jicho linanilinda mchana kutwa, kumbe hapakuwa na jicho.

Nilirudi Bukoto, na nimekuwa nikienda mwaka sasa. Nililia sana pale, mara nyingine kwa hasira, mara nyingine kwa kumkosa baba, maana nilimpenda pia. Siku moja nilimbana yule mama Mkongomani: "Niambie basi. Nikimwondoa baba, kuna mtu anabaki?"

"Hiyo si kazi yangu, dada," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe nasalaka. Lakini siwezi kukuangalilia, utaangalia wewe mwenyewe."

Nimeanza tena kwenda kanisani, nakaa karibu na mlango. Watu wakimwita Baba, mimi nasema, "Wewe uliyepo, kama upo." Kisha nangoja. Yule aliyekuwa akisimama nyuma yangu ameudhika, siku hizi haji mara kwa mara. Mahali pake pana kimya, na kimya hicho nakiogopa, lakini sitoki nje mpaka ibada iishe.