Mkate wa Maji ya Kisima cha Pwani

Juzi mjukuu wangu kaniletea mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, kaununua sokoni Mwanakwerekwe. Umo ndani ya kopo la plastiki, unatoka jasho kama mtu aliyekimbizwa. "Bibi, onja huu, mtamu!" Nikamega, nikatia kinywani. Loo! Sukari ilinipiga mpaka meno yakaniwasha, na hayo meno yenyewe yamebaki machache. Nazi hamna, iliki hamna. Mtoto kasimama ananitazama, anangoja nimwambie mtamu. Papo hapo nikajiona niko Bwejuu, nina miaka tisa, bibi yangu kanisimamia na upawa mkononi, naye anangoja neno hilohilo.

Kaa, mwenzangu, nikuhadithie. Kahawa ipo.

Sisi tulikuwa watu wa mjini, Mlandege. Miaka hiyo ya hamsini mie skuli sikuisogelea sana, lakini chuoni nilisoma Kurani mpaka nikahitimu, mtu asinidharau. Chuo kilifungwa Alhamisi adhuhuri, hakifunguliwi mpaka Jumamosi. Ikifika Alhamisi, mwalimu hajamaliza dua mie nishavaa makubadhi. Nnakwenda Bwejuu kwa bibi mzaa baba! Baba ananipeleka Darajani kupanda gari la mbao, ananikabidhi kwa dereva, na mama ananiwekea mapajani kijamanda cha halua, kile kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko.

"Usikifungue njiani," mama anasema.

"Sikifungui, mama."

Gari halijafika Tunguu nishakifungua. Nani angeweza? Halua yenyewe ya moto bado, inanukia samli na zafarani, inang'aa kama taa usiku, lozi zimejipanga juu. Nachovya kidole kimoja pembeni, pasipoonekana, naramba. Kisha naona pembeni pamekuwa na shimo, nasawazisha kwa kidole cha pili. Nacho lazima nikirambe. Tunguu gari linasimama, watu wananunua machungwa na kashata za nazi, na abiria hawakosi kumpa mtoto kipande. Nafika Bwejuu mdomo umenata, bibi ananitazama mara moja tu. "Umekuja na halua au halua imekuja na wewe?"

Na huko Bwejuu sasa! Wanawake wanarudi kutoka pwani maji yakijaa, wamebeba pweza, wanampiga kwenye jiwe, pa, pa, pa, mpaka alainike. Bibi anamtia nazi, ndimu na pilipili ya kuwasha, wali unapakuliwa kwenye sinia, tunakaa chini kuuzunguka. Mie mtoto wa mjini nilijilamba mpaka kiwiko. Asubuhi vitumbua, jioni mihogo ya nazi, na katikati yake chochote kitakachopita mbele yangu.

Sasa Alhamisi moja, Idi ndogo ishapita kama wiki, nilifika nikaikuta nyumba inafagiliwa mpaka uvunguni. Shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa bibi, mikono imejaa hina. Kumbe kesho alasiri wanakuja wanawake wa Paje kumtazama. Mtoto wao wa kiume alikuwa amemuona shangazi kwenye harusi, kamtaka, lakini kwao neno ni la mama. Mama akiridhika, wanaume wataleta posa. Asiporidhika, basi. Na shangazi alikuwa akimtaka yule kijana, usiniulize nimejuaje. Alikuwa anafagia mahali palepale mara tatu huku anacheka peke yake.

Bibi alikuwa na fahari moja tu duniani: mkate wake wa kumimina. Ukikatwa, ndani una matundu kama sega la asali, juu umeiva rangi ya kahawia, moto umepaliwa chini na juu. Wageni wa Paje watalishwa mkate huo, na mmoja mzima watakwenda nao nyumbani kwenye sahani ya kaure ya bibi.

"Haya, mtoto wa mjini," bibi akaniambia, akanipa ndoo. "Nenda pangoni ukaniletee maji ya kuroweka mchele. Pangoni, umenisikia?"

"Naam, bibi."

Sharti ujue kitu hiki. Bwejuu visima vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, ni ya kuogea na kufulia. Maji matamu yako ndani ya pango, kule nyuma ya kijiji, unashuka kwenye mawe na unapanda nayo kichwani. Mtoto wa kule anayajua haya kabla hajaota meno. Mie kwetu nilizoea bomba la mtaani. Maji kwangu yalikuwa maji tu.

Basi nikashika njia ya pangoni. Sijafika mbali nikasikia harufu. Wasichana wenzangu wamewasha moto wa makumbi ya nazi chini ya mikanju, hiyo mikorosho, wanachoma mikono ya pweza, wana ndimu na pilipili ya kusaga. Mmoja akaniita, "We mjini! Huli au mpaka tukuletee sahani ya kaure?" Wenziwe wakaangua kicheko. Mwenzangu, nile pweza kwanza halafu niende pangoni? Ningechelewa, bibi angeuliza! Niende pangoni kwanza? Wangemmaliza pweza! Kisima cha pwani kilikuwa pale, hatua ishirini. Nikatumbukiza ndoo, nikajaza, nikaificha kivulini, nikala pweza wa moto mpaka ulimi ukababuka. Kisha nikarudi nyumbani najitia kuhema kama mtu aliyetoka mbali.

"Umekwenda hima leo," bibi akasema.

"Nimekimbia, bibi."

Mchele ukalala ndani ya maji yale. Asubuhi ukatwangwa, nazi ikakunwa na kukamuliwa kwa maji yaleyale, sukari, iliki, hamira. Na hapa ndipo pana jambo. Bibi alikuwa anafunga zile sita za baada ya Idi. Shangazi naye alikuwa analipa siku zake za Ramadhani. Na bibi kwa saumu yake hakuwa na mchezo, hata ncha ya ulimi hagusi. Nyumba nzima kinywa kilichokuwa wazi kilikuwa changu peke yangu.

"Njoo hapa," bibi akaniita. Akachota uji wa mkate kwa upawa. "Leo wewe ndo ulimi wangu. Nnakukopesha. Onja, unambie kweli."

Nilivimba kichwa! Mie, ulimi wa bibi! Nikafumba macho kama nilivyoona watu wazima wanavyofanya, nikaonja.

Chumvi. Si nyingi, lakini ipo, imekaa chini ya sukari inanichungulia. Nikaijua palepale imetoka wapi. Nikamtazama bibi, nikamtazama shangazi na mikono yake ya hina. Mchele mwingine wa kuroweka hakuna wakati. Nikisema, bibi atauliza maji ya wapi.

"Tamu, bibi."

"Umeonja sawasawa?"

"Tamu mno!"

Akamimina.

Wageni walifika baada ya sala ya alasiri, wanawake wanne, buibui zinanuka udi mtaa mzima. Mama wa kijana alikuwa pande la mtu, anakaa polepole, macho yake hayakosi kitu. Shangazi akaingia na sinia, kajifunika kanga. Ule mkate ukakatwa. Matundu, rangi, harufu ya iliki, kila kitu sawa! Yule mama akatia kipande kinywani. Akatafuna. Akasita. Akamtazama mwenziwe, mwenziwe akatazama dari. Kisha akameza.

"Mashaallah," akasema. Akanyoosha mkono kwenye dele la kahawa. Wale wengine pia. Mkate walikula kwa adabu, kila tonge na kikombe chake cha kahawa nyuma. Mie nimejificha mlangoni nahesabu vikombe.

Walipoondoka na ule mkate mzima kwenye sahani ya kaure, bibi alikuwa anacheka mpaka magego. "Wameula! Mmeona walivyoula? Nibakishieni kipande hicho, ntafuturia."

Ntafuturia! Sikuwa nimelifikiria hilo. Jua linateremka, kipande kiko chini ya kawa, na bibi akikigusa tu mambo yote nje. Sikuwa na ujanja mwingine. Bibi alipokwenda kutia udhu nilifunua kawa nikakisukumiza chote kinywani, kavu, bila kahawa, nakimeza kama dawa. Akatoka akanikuta mashavu yamejaa.

"Wewe mtoto, tumbo lako lina kifuniko kweli?"

Nikainamisha uso. Alidhani ni mdomo kujaa. Ilikuwa ni machozi.

Niliporudi mjini wiki nzima ilinichacha. Mama ananipa halua, siitaki! Akanishika paji la uso akadhani nna homa. Nilikuwa naiwaza sahani ya kaure. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, walau utie ndimu mbili. Ile ikirudi tupu Bwejuu, ndo jibu, na shangazi yangu atafagia nyumba ya mama yake mpaka azeeke, kwa sababu yangu na mkono mmoja wa pweza.

Alhamisi ya pili nilishuka garini wa mwisho. Bibi yuko barazani, saumu zake zishatimia, anatafuna tambuu. Hata sijavua makubadhi, mwanamke wa Paje akaingia, mmoja wa wale wanne, kashika sahani ya kaure imefunikwa kitambaa. Bibi akainuka. Shangazi akachungulia nyuma ya pazia. Kitambaa kikafunuliwa.

Pakiti ya sukari. Kubwa, imejaa, nyeupe, juu ya sahani ya bibi.

"Mama anakusalimu sana," mgeni akasema, na midomo inamcheza kwa kuzuia kicheko. "Kasema mtoto wenu kamridhia. Wanaume watakuja kesho na posa. Sukari hii ni ya mkate wa kesho." Akakohoa kidogo. "Na kasema umwambie mchota maji wenu, pango halijahama."

Nyuma ya pazia shangazi alipiga kigelegele kabla ya wakati wake. Lakini bibi alikuwa hamsikii. Aligeuka polepole, akanitazama mie.

"Ulimi wangu," akasema. "Hebu njoo."

Nilisema yote, mwenzangu, ndoo, pweza, kipande cha futari. Nililia mpaka makamasi. Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alininyooshea ndoo. "Nlikukopesha kitu changu, umekirudisha kibovu." Basi. Siku ile nilikwenda pangoni mara sita, nikajaza kila mtungi na kila sufuria. Na wale wasichana wa pweza wamejipanga njiani, "Mjini! Pango umelijua leo?" Shingo ikaingia mabegani.

Ijumaa mkate ukapigwa upya. Bibi hakuwa na saumu, shangazi naye hakuwa nayo. Vinywa vyote viko wazi. Bibi akachota uji kwa upawa, akaupitisha mbele ya pua yake, akaupita mdomo wake mwenyewe, akaniletea mie.

"Onja."

Nikaonja. Nikaonja tena. "Bibi," nikasema, "iliki imezidi."

Kumwambia bibi yule iliki imezidi! Akachovya kidole, akaramba, akanitazama. Akaongeza tui. "Rudia."

"Sasa tamu."

Akamimina, bila kuonja mara ya pili.

Shangazi aliolewa, akazaa sita, na Paje nzima walimwita Bi Chumvi mpaka anazikwa, Mungu amrehemu. Bibi hayupo, lile gari la mbao halipo, na kijamanda cha ukindu sasa wanakitundika ukutani kuwa pambo. Watu wanaonja chakula kwa kukipiga picha. Hakuna anayemwita mtoto jikoni akamkopesha ulimi.

Nikautua ule mkate wa Mwanakwerekwe. "Mbaya," nikamwambia mjukuu wangu. Akaduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi wewe huna hata adabu! Basi nfundishe." Nikamwambia Alhamisi aje na nazi tatu na mchele, tupande gari twende Bwejuu. Na ndoo, nikasema, asisahau ndoo.

"Bibi, Bwejuu siku hizi maji ya mfereji yapo kila nyumba. Ndoo ya nini?"

"Chukua ndoo," nikamwambia. "Pango halijahama."