Dirisha la Upande wa Baba Mkwe

Nilipoolewa kijijini Ipyana, huko Kyela, nilifundishwa kumkwepa baba mkwe kabla hata sijaonyeshwa maji yanachotwa wapi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja, anaingia migombani mpaka apite. Hali naye chakula, hazungumzi naye, jina lake halitamki. Nyumba nyingi za Kikristo siku hizi zimelegeza, lakini mama mkwe hakulegeza, nami nilitaka kuonekana mkwe mwenye adabu. Niseme ukweli: nilitaka sifa.

Mimi ni mfasiri. Kazi inanifuata nyumbani kwa njia ya kompyuta: maelekezo ya Kiingereza ya pampu, ya dawa za mimea, ya kukausha kakao, nami nayaweka katika Kifaransa kwa ajili ya wakulima wa Afrika Magharibi ambao sijawahi kuwaona. Maneno magumu hayanisumbui. Yanayosumbua ni yale mepesi yenye maana tano. "Plant" ni mmea, ni kupanda, ni kiwanda. "Turn" ni kona, ni zamu, ni kugeuza. Kifaransa kinataka kila maana ipewe neno lake, na ukikosea, mkulima anaambiwa akimwagilie kiwanda maji.

Sasa, baba mkwe alikuwa amefundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, huko mikoa ya magharibi, kabla hajarudi kulima kakao. Mlango wake ulikuwa ng'ambo ya uwanja tu kutoka mezani kwangu. Nilikaa kando ya ziwa nikiwa na kiu.

Tukapata njia. Niliandika neno kwenye kipande cha karatasi, mama mkwe akakipeleka, kikarudi na jibu la penseli. Mara ya kwanza niliuliza "bean", maana nilikuwa nimeshatumia lile la maharage. Akajibu: "Ya kakao ni fève. Haricot tunakula na wali." Nilicheka peke yangu hadi machozi. Lakini chini ya kila jibu aliongeza maneno yaleyale: "Niletee sentensi nzima. Neno peke yake halina kwao."

Sikumletea hata moja. Niliona haya. Sentensi zangu zilikuwa na viraka vingi, na mimi ndiye niliyetambulishwa kanisani kama msomi wa ukoo.

Baadaye presha ya macho ikamharibia uwezo wa kuona, vipande vya karatasi vikawa havina kazi. Asubuhi moja mama mkwe alikuja, akasimama mlangoni mwangu bila kuketi.

"Mwanangu, baba yako anasema mambo ya kukimbiana yaishe. Hakuoni tena. Uende ukamsomee, yeye atakujibu."

"Na wewe mama, unasemaje?"

"Mwenye nyumba ameshasema. Mimi nikatae nini?"

Nikainamisha kichwa kama mtoto wa Komunyo. "Hapana, mama. Heshima ni heshima."

"Ndaga," akasema, ile asante ya kwetu, akaondoka. Habari ilifika mpaka Mwaya kwamba pale Ipyana kuna mkwe anayejua mila. Hakuna aliyejua kwamba mila ilikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamke aliyeogopa mwalimu asimsikie akikosea.

Nina tabia ya kusoma kwa sauti ninapofasiri. Muda si mrefu baba mkwe akaanza kuketi kwenye kigoda chake chini ya dirisha langu, upande wa migomba. Nilidhani anafuata kivuli. Nikalifunga dirisha. Anayelijua joto la Kyela anajua nilivyojitesa, lakini nilijipongeza: hata sauti yangu sikutaka imkute. Masika mawili nilifanya kazi nikitokwa jasho, na maneno yenye maana tano nikiiuliza simu, ambayo mara nyingi ilinidanganya.

Alifariki wakati wa mavuno ya kakao. Matanga yalipokwisha, tulikuwa mimi na mama mkwe tukigeuza kakao iliyovundikwa chini ya majani ya mgomba. Kigoda kilikuwa bado kiko pale dirishani. Nikauliza kama nikiingize ndani kisinyeshewe, kwa kuwa sasa hakuna wa kufuata kivuli.

"Kivuli gani?" Aliacha kugeuza. "Jua lote la mchana linapiga pale. Alikuwa anakusikiliza. Ukikwama kwenye neno, yeye analisema taratibu, anangoja uendelee. Nikamwambia, sema kwa nguvu basi asikie. Akasema hapana, mkwe wangu ameshika mila, nisimwaibishe."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya kakao hadi viwikoni. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa nimeshika mila yoyote, kwamba yule mzee aliniheshimu kwa uongo wangu. Nikauliza tu kile nilichokiogopa.

"Na nilipofunga dirisha, mama, alisemaje?"

"Aliniomba nimsogezee kigoda, kiguse ukuta."