Kofia ya Khole ya Kuonea Gizani

Khole binti Harub alikuwa fundi wa kamera za ulinzi katika mtaa wa Ghala, mwanamke wa miaka arubaini na tano. Mafundi wenzake, wote wanaume, walishamzoea kiasi cha kumwachia kazi zilizowashinda wao.

Mdogo wake, Sleyum, alikuwa kwenye kikundi cha kujitolea kinachotafuta watu waliopotea milimani. Mwaka uliopita, wakimtafuta mpanda mlima nyuma ya kijiji cha Yiti, Sleyum aliteleza. Mkono mmoja ulishika tochi, mwingine ulishika kamera ya joto ya kuazima, ile inayoona joto la mwili gizani. Hakuwa na wa kujizuilia. Akavunjika mguu. Yule mpanda mlima alipatikana siku ya pili, amekwisha kufa, hatua mia mbili tu kutoka pale walipopita.

"Kwa nini hamvai kichwani kitu cha kuonea gizani, mikono ibaki huru?" Khole alimuuliza hospitali.

"Vipo, dada. Lakini kwa bei yake unanunua gari."

"Basi ntakitengeneza mimi."

Sleyum alicheka mpaka mguu ukamuuma. Khole hakucheka.

Alianza na kofia ngumu ya wapanda milima. Mbele alifunga kamera ndogo ya ulinzi inayoona kwenye mwanga hafifu, na kando yake kijikamera cha joto, kile ambacho mafundi umeme hupimia nyaya zilizochemka. Picha za kamera zote mbili zilikwenda kwenye kioo kidogo alichokitoa kwenye miwani mbovu ya kurushia droni, akakining'iniza mbele ya jicho la kulia. La kushoto aliliacha huru litazame njia.

Aliijaribia stoo ya kazini, chumba kisicho na dirisha, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Siku ya kwanza uzito wa mbele ulimvuta shingo mpaka akashindwa kuinua kichwa. Akahamishia betri kisogoni, kofia ikatulia. Halafu picha ikawa inachelewa: akigeuka, ukuta unamfuata baadaye. Alitapika pale pale, akapiga deki, akakaa chini kufungua nyaya upya, akaondoa kila kilichokuwa kinaichelewesha picha njiani.

Kilichomtesa zaidi ni vumbi. Alipoziwekea kamera kinga ya kioo, ile ya joto ikapofuka. Haikuonesha kitu ila joto lake yenyewe. Joto halikupita kwenye kioo. Wiki nzima akawa anajaribu kila kitu chembamba kilichokuwamo nyumbani.

"Mwanangu, unatafuta nini kwenye mifuko yangu ya mikate?" aliuliza mama yake, Bi Kheiria.

"Natafuta kitu kinachopitisha joto, mama."

"Na mikate nitie wapi?"

Mfuko mwembamba wa nailoni ndio uliofaa.

Mwezi wa tano, Mzee Nasr wa Qurayyat, aliyekuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, alitoka nyumbani baada ya Alasiri kuelekea mlimani, asirudi. Khole alikwenda na kikundi mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua kuitumia kofia ile. Jua lilipozama akaivaa. Kwenye kioo mlima mzima ulikuwa mweupe. Mawe yaliyopigwa na jua kutwa yalikuwa na joto kuliko binadamu.

"Bi Khole," alisema Fahd, kiongozi wao, kwa upole, "hii inaona moto mtupu. Bora tushike tochi zetu."

"Shikeni. Lakini nipe saa moja kabla ya alfajiri. Mawe yatapoa. Mtu aliye hai hapoi."

Fahd alimtazama, kisha akakubali.

Saa tisa za usiku Khole alipanda, mikono yote miwili kwenye majabali, Fahd nyuma yake. Sasa mawe yalikuwa ya kijivu. Aliona mbuzi wawili, akaona mbwa. Kisha, chini ya jabali lililochomoza, akaona doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. Akahamia kwenye kamera ya pili, ile ya mwanga hafifu, akakaza jicho. Ulikuwa mguu wa mtu, umevaa kiatu.

Mzee Nasr alikuwa hai, midomo imepasuka. Khole alimwinua kichwa, akampa maji kidogo kidogo.

"Wewe mtoto wa nani?" mzee aliuliza.

"Wa Harub, mzee wangu. Kunywa kwanza."

"Harub yupi?"

Hapo Khole akalia kwa furaha ya kumsikia yu hai na anauliza, huku bado ameshika chupa.

Walipomteremsha, Fahd alimwambia wanataka kofia nne kama ile.

"Si kama hii," Khole alisema, akijipapasa kidevu kilichochubuliwa na mkanda. "Hii ina makosa sita. Nipeni mpaka baada ya Idi."

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ilipoanza, alikuwa ameshafika Ghala mbele ya wenzake, anachora mkanda mpya juu ya boksi tupu.