Mwalimu Felicitas na Mbuzi wa Akika

Mwalimu Felicitas alistaafu kufundisha, lakini shughuli za watu hakustaafu. Mtaani kwetu Goba hapiti mgeni asimjue, na pale kituo cha polisi wanamfahamu kuliko wanavyowafahamu wezi. Mwezi uliopita aliripoti maiti iliyoviringishwa kwenye zulia. Askari wakaenda, wakalikunjua, wakakuta zulia. Tangu hapo wakimwona anakuja, kila mmoja anakumbuka kazi aliyoisahau.

Alhamisi asubuhi jirani yake Samina, akienda dukani kwake Kariakoo, alimwomba amwangalizie mbuzi aliyefungwa uani. Alikuwa mbuzi wa kuchinjwa kwenye akika ya mjukuu wake mchanga, na akika ilikuwa Jumamosi.

"Mwalimu, mie nakuamini wewe tu," alisema.

Felicitas akamwangalia mbuzi vizuri kabisa kutoka dirishani kwake, mpaka alipoingia jikoni kugeuza ndizi. Aliporudi dirishani alikuta kamba tupu, na gari dogo linaondoka taratibu. Mbele walikaa vijana wawili. Nyuma alikaa abiria aliyevishwa kanga, kilemba na barakoa, na pembeni ya kilemba sikio refu lilikuwa likifukuza nzi.

"Ni mbuzi, afande," alimwambia konstebo Brightson kwenye kaunta ya kituo cha polisi, huku akihema.

"Na amevaa barakoa?"

"Amevaa."

"Basi anajali afya yake."

"Baba, yule ni amana ya watu. Samina nitamwambia nini?"

"Mwambie amesafiri. Mama, na lile zulia nalo lilikuwa na masikio?"

Wenzake wakacheka. Brightson akamwonyesha benchi apumzike, eti jua kali na umri umeenda. Felicitas akakaa, machozi yakimlengalenga. Kuchekwa alishazoea. Kilichomuumiza ni lile neno la Samina, nakuamini wewe tu.

Wakati huo huo, barabarani, trafiki mmoja aitwaye Talha alikuwa amelisimamisha gari lile. Talha amelelewa vizuri mno, ndiyo shida yake. Aliinama dirishani akampa bibi wa nyuma shikamoo. Bibi kimya. Akarudia kwa sauti. Kimya.

"Mbona bibi haitikii?"

"Mgonjwa, braza," alisema dereva. "Kaanguka kwenye bodaboda, tunamuwahisha hospitali."

Angesema homa, wangepita. Lakini majeruhi wa ajali anatakiwa kwenda hospitali na fomu ya polisi, ile PF3, na Talha hakutaka bibi wa watu azungushwe. Vijana wakamsihi asijisumbue. Akasema si usumbufu hata kidogo. Akapanda pikipiki yake, akawasha king'ora, akawaongoza mpaka kwenye geti la kituo cha kina Brightson.

Brightson akatoka na fomu na kalamu. Felicitas akamfuata nyuma.

"Shikamoo bibi," alisema Brightson dirishani. "Jina lako nani?"

"Marahaba," aliitikia Felicitas kwa niaba ya mbuzi. "Jina hana. Ni wa Samina."

Barakoa ikateleza. Mbuzi akanyoosha shingo, akaichukua ile fomu, akaanza kuitafuna. Vijana wakafungua milango ili wakimbie, wakaangukia mikononi mwa Talha, ambaye bado alikuwa anauliza bibi anaendeleaje.

Hapo Brightson akawa mchapakazi ghafla. Mbuzi akafungwa kwenye nguzo nyuma ya kituo.

"Huyu sasa ni kielelezo, mama. Haondoki mpaka kesi iishe."

"Akika ni keshokutwa, baba."

"Kesi itatajwa mwezi ujao."

Felicitas akaanza kumweleza akika ni nini. Brightson akamwonyesha benchi.

Akakaa, akampigia Samina. Alimwambia kila kitu, kuanzia ndizi hadi nguzo.

"Umemaliza?" aliuliza Samina.

"Nimemaliza. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilikuwa nakusikiliza. Mbuzi wapo, Mwalimu. Kesho twende mnadani Pugu ukanichagulie mwingine. Mie nikienda peke yangu nitauziwa kondoo."

Felicitas akalia pale pale kwenye benchi, kwa sauti, na hakuna askari aliyemuuliza analia nini.